Mishipa miwili juu ya mfupa mmoja: kisa cha kuvuja damu katika upasuaji wa kikombe cha nyonga, Lubumbashi

Kisa hiki ni cha kufundishia. Kimeunganishwa kutokana na hali zinazojulikana katika upasuaji wa fupanyonga, na hakimwelezi mgonjwa mmoja anayeweza kutambulika wala hospitali fulani. Tumekiweka Lubumbashi kwa sababu vikwazo vyake ni vya huku: skana (picha ya CT) hulipwa na familia, damu hutoka kwa ndugu, umeme hukatika, na katika kisa hiki hakuna chumba cha angiografia (cha kupiga picha mishipa ya damu na kuiziba kwa ndani) cha kukimbilia mambo yakiharibika.

Swali tunalolifuata ni moja. Mpasuaji aliuona mshipa hatari mapema, akaufunga vizuri pande zote mbili, akaendelea na kazi. Muda mfupi baadaye mgonjwa alikuwa anamwaga damu kutoka sehemu hiyohiyo. Damu ile ilitoka wapi?

Mgonjwa na mvunjiko wake

Mwanaume wa miaka 46, kilo 72, msaidizi wa dereva wa lori la mizigo. Alianguka kutoka juu ya magunia ya makala (mkaa) kwenye barabara ya Likasi, kimo cha mita tatu hivi, akatua kwa ubavu wa kushoto. Pigo liliingia kupitia trokanta kubwa (nundu ya nje, juu ya femuri, yaani mfupa wa paja), likakisukuma kichwa cha femuri kuelekea ndani ya fupanyonga. Alipofika hospitalini presha ilikuwa 110/70, mapigo 104, hemoglobini 12.1. Siku ya pili hemoglobini ilishuka hadi 10.4, kisha ikatulia.

Radio (picha za eksirei) zilipigwa tatu: ya mbele, na mbili za Judet ambapo mgonjwa huinuliwa upande mmoja kwa nyuzi 45. Zilionyesha mvunjiko wa nguzo ya mbele pamoja na ufa wa kukingama unaokata nusu ya nguzo ya nyuma. Skana ya vipande vya milimita 2, bila dawa ya kung'arisha mishipa, iliongeza mambo mawili. Ukuta wa ndani wa kikombe ulikuwa umesukumwa milimita 14 kuelekea kibofu. Na tawi la juu la pubisi lilikuwa limevunjika vipande vitatu, kipande cha kati kikiwa sentimita 6 hadi 7 kutoka simfisisi (kiungo cha mbele ambapo mifupa miwili ya pubisi hukutana). Msomaji akumbuke kipimo hicho cha mwisho. Kwenye ripoti kilikuwa kimeandikwa, lakini hakuna aliyekisoma kama habari ya mishipa.

Mguu uliwekwa kwenye mvuto wa kilo 8 kwa pini iliyopitishwa sehemu ya chini ya femuri. Alipewa enoksaparini (dawa ya kuzuia damu kuganda) miligramu 40 kila siku, dozi ya mwisho saa 12 kabla ya upasuaji. Upasuaji ulifanyika siku ya 11. Siku hizo zilitumika kukusanya pesa na damu, na zina bei yake: kufikia siku ya kumi damu iliyoganda kuzunguka mvunjiko huwa imeanza kugeuka tishu ngumu, mishipa ikanata kwenye vipande vya mfupa. Baada ya wiki tatu hali huwa ngumu zaidi, hata kuurudisha mfupa mahali pake huhitaji kuvunja kovu la mfupa kwanza.

Kuhusu damu, yaya (dada mkubwa) wa mgonjwa aliuliza kwa usahihi uliostahili jibu sahihi: «Docta, munasema damu, ni ya watu wangapi?» Aliambiwa: «Yaya, watu wanne watoe sasa, na wawili wenye kundi hilohilo wangojee hapa karibu siku ya upasuaji.» Walipatikana watatu. Chupa tatu zikapimwa na kulinganishwa, zikabaki kwenye friji ya benki ya damu, upande wa pili wa uwanja wa hospitali.

Mishipa inayopita pale

Mchoro wa kawaida unaonyesha ateri ya obturata ikitoka kwenye mgawanyo wa mbele wa ateri ya iliaki ya ndani (shina linalolisha fupanyonga), ikifuata ukuta wa fupanyonga chini kidogo ya neva ya obturata, ikaingia mfereji wa obturata na kutokea pajani. Kwa watu wengi ndivyo ilivyo. Lakini kwa sehemu inayokadiriwa kati ya mtu mmoja kwa watano na mmoja kwa watatu, ateri hiyo hutoka kwenye ateri ya epigastriki ya chini (ya ukuta wa tumbo), yaani kwenye mfumo wa iliaki ya nje (shina linalokwenda mguuni), na ili ifike kwenye mfereji wake hulazimika kushuka juu ya tawi la juu la pubisi, upande wa ndani. Kwa wengine hutoka kwenye ateri ya gluteali ya juu au moja kwa moja kwenye shina.

Sababu iko katika ukuaji wa mimba. Mishipa ya fupanyonga huanza kama wavu. Njia zinazobeba damu nyingi hupanuka, nyingine husinyaa. Kila mtu ana vijitawi viwili vya pubisi, kimoja kutoka epigastriki na kingine kutoka obturata, vinavyokutana nyuma ya mfupa. Vikibaki vyembamba, hakuna anayeviona. Kimoja kikipanuka, tunapata muungano wa kweli kati ya iliaki ya nje na iliaki ya ndani. Kikipanuka huku shina la kawaida limesinyaa, tunapata obturata iliyohamia epigastriki. Muungano huo, uwe wa ateri (inayoleta damu kutoka moyoni) au wa vena (inayoirudisha), ndio wapasuaji huuita korona motisi.

Takwimu zinazotajwa zaidi ni za Tornetta na wenzake, 1996. Walichunguza nusu 50 za fupanyonga za maiti na kukuta mishipa ya kuunganisha katika asilimia 84. Ateri ilikuwapo katika asilimia 34, vena asilimia 70, vyote viwili asilimia 20. Umbali kutoka simfisisi ulikuwa wastani wa sentimita 6.2, kati ya 3 na 9. Uchambuzi wa Sanna na wenzake wa 2018, uliokusanya nusu 2,184, ulitoa viwango vya chini: asilimia 49.3 kwa jumla, vena 41.7, ateri 17.0. Tofauti hiyo hutegemea kwa sehemu nani anahesabu nini. Anayepasua maiti polepole na kuhesabu kila uzi wa damu atapata vingi kuliko anayeangalia skana.

Hesabu inayotuhusu zaidi imo ndani ya takwimu za Tornetta, na mara nyingi hurukwa. Kati ya nusu 35 zilizokuwa na vena, 10 zilikuwa na ateri pia. Mpasuaji akikuta vena juu ya pubisi na kuifunga, bado ana nafasi mbili kati ya saba kwamba karibu yake kuna ateri. Kuikuta vena hakumpi ruhusa ya kuacha kutafuta.

Upasuaji

Njia iliyochaguliwa ni ya kuingia ndani ya fupanyonga kutoka mbele, inayoitwa Stoppa iliyorekebishwa. Kwa mvunjiko wenye ukuta wa ndani uliosukumwa kuelekea kibofu, uchaguzi huo ulikuwa sahihi, kwa sababu bamba la chuma huwekwa palepale linapohitajika, chini ya ukingo wa fupanyonga. Sondi ya mkojo iliwekwa kwanza ili kibofu kiwe kitupu. Mpasuaji alisimama kulia, upande ulio mkabala na mvunjiko. Mguu wa kushoto ulifunikwa peke yake ili uweze kukunjwa, na nyonga ikakunjwa nyuzi 30 kulegeza msuli wa iliopsoasi pamoja na mishipa ya iliaki ya nje.

Ngozi ilikatwa kwa mlalo sentimita 12, sentimita 2 juu ya simfisisi. Mstari mweupe ulifunguliwa kwa wima, misuli ya rektasi ikasogezwa, kibofu kikalindwa kwa kipanuzi laini na kompresi (kitambaa cha shashi) yenye unyevu. Kutoka simfisisi, periosti (utando unaofunika mfupa) ilitenganishwa na mfupa hatua kwa hatua kuelekea nje. Kwenye sentimita 5.5 ilionekana vena ya milimita 3 ikivuka mfupa. Ilizungushwa kwa kibanio chenye ncha iliyopinda, ikafungwa kwa uzi wa 2-0 mara mbili kila upande, ikakatwa. Msaidizi alitamka kwa sauti kwamba korona motisi imefungwa, na muuguzi akaandika.

Kikwanguo cha periosti kiliendelea. Kwenye sentimita 7 kulikuwa na damu iliyoganda, ngumu na nyeusi, imekifunika kile kipande cha kati cha tawi la pubisi. Mpasuaji hakuisafisha, alitia ncha ya kipanuzi chini yake, kisha akakivuta kipande kwa ndoano. Ateri ya milimita 2.5 iliyokuwa imenata upande wa nyuma wa kipande hicho ilichanika.

Dakika zilizofuata

Damu nyekundu iliruka na kujaza uwanja ndani ya sekunde chache. Kibanio kilipelekwa mara mbili ndani ya dimbwi la damu bila kuona kinachobanwa. Hilo ndilo kosa zito kuliko yote katika kisa hiki. Ndani ya mfereji wa obturata neva iko juu, ateri katikati, vena chini, zimebanana. Kibanio kisichoona kinaweza kuishika neva, au kuichana vena na kuongeza chanzo kingine cha damu, au kuuzamisha mwisho wa ateri ndani zaidi ya mfereji.

Presha ilishuka kutoka 118/72 hadi 78/40 ndani ya dakika sita, mapigo 132. Mtaalamu wa nusukaputi ndiye aliyesimamisha mambo. Alisema presha kwa sauti na kuomba kazi isimame mpaka damu ifike. Ndipo vibanio vilipowekwa kando na kidole kikashindilia upande wa ndani wa tawi la pubisi, kisha kompresi kubwa tatu zikajazwa na kukandamizwa kwa mkono kwa dakika kumi kamili za saa ya ukutani. Asidi ya traneksamiki gramu 1 ilitiwa mshipani kwa dakika kumi. Chupa za damu zilifuatwa. Ya kwanza ilianza kutiririka dakika 17 baada ya mshipa kuchanika, kwa kuwa fomu ilikuwa na saini moja badala ya mbili na mbebaji alirudishwa.

Presha ilipofika 96/58, kompresi zilitolewa moja moja, ya karibu na simfisisi kwanza, aspireta (mashine ya kufyonza damu) ikifuata. Mwisho wa juu wa ateri ulipatikana umejikunja chini ya ukingo wa rektasi, ukidunda. Ulibanwa, ukafungwa kwa uzi wa 2-0 na mshono wa kupitisha katikati. Timu ilipumua. Kompresi ya mwisho ilipotolewa, damu ikaja tena, safari hii kutoka chini kwenye mfereji, bila kuruka lakini ikifuata mapigo.

Hapa ndipo jibu la swali letu lilipo. Ateri iliyochanika haikuwa tawi lenye chanzo kimoja. Iliunganisha mifumo miwili, na kila mwisho ulikuwa na moyo nyuma yake: wa juu ulilishwa na iliaki ya nje kupitia epigastriki, wa chini na iliaki ya ndani kupitia obturata. Kufunga mmoja ni nusu ya kazi. Lau ingekuwa obturata iliyohamia epigastriki bila shina lake la kawaida, mwisho wa chini ungevuja kwa unyonge tu, damu ikirudi nyuma kupitia matawi ya paja. Na unyonge huo hudanganya, kwa sababu huacha kuvuja presha ikiwa chini na huanza tena usiku wodini presha ikipanda. Kwa hiyo mwisho wa chini hutafutwa na kufungwa hata ukiwa kimya.

Mmoja wa timu alipendekeza kufunga ateri ya iliaki ya ndani, kama wanavyofanya wapasuaji wa uzazi kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Pendekezo halikuwa la kipuuzi. Lingepunguza nguvu ya mwisho wa chini. Ila lisingegusa hata kidogo mwisho wa juu, na huo ndio mtego wake: mpasuaji anayeanza na iliaki ya ndani, huku chanzo kikuu kiko epigastriki, atatumia dakika ishirini kando ya vena ya iliaki yenye ukuta mwembamba, na damu itaendelea kama hakuna kilichofanyika. Hata penye angiografia hadithi ni hiyohiyo: kuziba matawi ya iliaki ya ndani bila kupiga picha ya iliaki ya nje huacha chanzo wazi.

Badala yake nyonga ilikunjwa hadi nyuzi 60, kibofu kikasogezwa zaidi, taa ya kichwa ikaelekezwa kwenye tundu la obturata. Neva ilionekana kwanza, ikazungushiwa utepe laini na kusogezwa juu. Mwisho wa chini uliachiliwa kwa urefu wa sentimita 1 na kubanwa kwa klipu mbili za titani. Uwanja ukakauka.

Kiasi cha damu iliyopotea kilihesabiwa hivi: chupa za aspireta mililita 2,400, toa mililita 900 za maji ya kuoshea, ongeza mililita 600 zilizopatikana kwa kupima uzito wa kompresi, gramu 1 kwa mililita 1. Jumla 2,100. Kwa mtu wa kilo 72, mwenye damu ya lita 5 hivi, hiyo ni zaidi ya asilimia 40. Chupa mbili ziliongezwa mezani. Mfupa ulirudishwa ukabaki na hatua (tofauti ya kimo kati ya vipande) ya milimita 2, bamba la milimita 3.5 lenye matundu 12 likafungwa, na picha za ampli (eksirei ya papo hapo mezani) zikathibitisha hakuna skrubu iliyoingia kwenye kiungo.

Kwa nini ilitokea

Kufunga vena hakukuwa na dosari. Dosari ni kwamba jina moja, korona motisi, lilichukuliwa kuwa ni mshipa mmoja. Lilipotamkwa na kuandikwa, utafutaji ulikoma kwenye sentimita 5.5, wakati eneo la kutafuta hufika 9.

Mvunjiko wenyewe ulikuwa umeshatoa onyo. Kipande cha mfupa kilichovunjika sentimita 6 hadi 7 kutoka simfisisi kiko kwenye njia ya mishipa hiyo. Kikisogea kuelekea ndani huuvuta mshipa na kuunyoosha, na mshipa ulionyooka huwa bapa na mweupe, ukifanana na uzi wa tishu ngumu. Siku kumi na moja za kuganda ziliunatisha. Kipanuzi kilichotiwa chini ya damu iliyoganda, kabla ya kuisafisha, kilikuwa na uhakika wa kuugusa.

Kisha damu ya kuongezea ilikuwa mbali na mezani. Dakika 17 ni nyingi mno kwa mshipa unaolishwa pande mbili. Hilo ni la utaratibu na lingeweza kurekebishwa bila senti moja.

Namna ya kuifanya vizuri

Skana ingeweza kutumika zaidi. Kama familia inalipia skana, na kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) inaruhusu, ni busara kuomba ipigwe mara moja pamoja na dawa ya aidini, maana kurudia ni kulipa mara mbili. Kanula ya kijani ya 18G kwenye mkono, mililita 80 hadi 100 za dawa yenye miligramu 350 za aidini kwa mililita, kwa kasi ya mililita 4 kwa sekunde, picha ikianza aota inapong'aa, halafu awamu ya pili kwenye sekunde 70 hadi 80 kwa ajili ya vena. Vipande viwe vya milimita 1. Mpasuaji mwenyewe aifuate ateri ya epigastriki ya chini tangu inapotoka, aone kama kuna tawi linaloshuka nyuma ya pubisi, na apime umbali wake kutoka simfisisi. Anayengoja ripoti imwambie atapata ripoti ya mfupa. Pasipo na dawa hiyo, mshipa uhesabiwe upo, na uwe miwili, mpaka macho yathibitishe vingine. Tena skana safi haiondoi wajibu wa kutazama: vena iliyobanwa na damu iliyoganda huenda isionekane kabisa.

Mezani, chupa mbili ziwe ndani ya bloku (jengo la upasuaji) kwenye kisanduku baridi chenye kipimajoto, kati ya nyuzi 2 na 10, zikiwa zimeshasainiwa. Aspireta mbili, moja yao ya mguu, kwa sababu SNEL (shirika la umeme) haichagui dakika ya kukata umeme na jenereta huchukua muda kushika. Klipu za ukubwa wa kati ziwe zimefunguliwa, siyo kabatini. Tunazipendelea kuliko uzi kwa mwisho wa chini, kwani ndani ya mfereji fundo la mkono ni gumu kukaza bila kuvuta, na kuvuta ndiko kunakochana. Kwa mshipa unaofika milimita 2 hatutegemei kuchoma kwa umeme peke yake: gaga (ganda linaloachwa na kuchoma) huanguka presha ikipanda, na joto lake liko milimita chache kutoka kwenye neva.

Kwenye kupasua, kanuni tunayoisisitiza ni kusafisha eneo lote kuanzia sentimita 3 hadi 9, kwa kuona, kabla ya kukivuta kipande chochote. Kompresi ndogo ya kushikwa kwa kibanio hufaa kuliko chuma: isugue taratibu kutoka juu ya mfupa kuelekea ndani, na kila kinachobaki kimevuka mfupa kichukuliwe kuwa ni mshipa. Penye mvunjiko, anzia kwenye mfupa mzima upande wa simfisisi, kisha kwenye mfupa mzima upande wa nje, na katikati pafikiwe mwisho, damu iliyoganda ikiondolewa kwa maji na kidole. Kila mshipa uinuliwe, ufungwe sehemu mbili zilizoachana kwa sentimita 1, ukatwe katikati. Nafasi hiyo ndogo huokoa: fundo likiteleza, bado kuna kishina cha kushika.

Hakuna sababu ya kuuhurumia mshipa huo. Obturata ikifungwa, misuli ya ndani ya paja hupata damu kutoka ateri ya sakamfleksi ya ndani ya femuri na gluteali ya chini, na kijitawi chake kinachopita kwenye ligamenti ya kichwa cha femuri kina mchango mdogo kwa mtu mzima.

Kama damu imeshatoka na mwisho wa chini hauonekani, kompresi zishindiliwe kwenye tundu la obturata na nafasi ya nyuma ya pubisi, jeraha lifungwe juu yake, mgonjwa apelekwe uangalizi maalumu, arudishwe baada ya saa 24 hadi 48. Mfupa unaweza kungoja.

Ateri nyingine za nyonga, kwa ufupi

Kwa njia ya nyuma, hatari huhamia pengo kubwa la siatiki. Ateri ya gluteali ya juu hutoka pale juu ya msuli wa pirifomisi, ikigusana na mfupa; nguzo ya nyuma ikivunjika na kusogea, huchanika na mwisho wake kurudi ndani ya fupanyonga. Namna shina lake linavyotoka hutofautiana, na mpangilio wa Adachi wa 1928 unaitofautisha kwa kuangalia gluteali ya juu, gluteali ya chini na pudenda ya ndani: ya kawaida zaidi ni ile ambayo gluteali ya juu hutoka peke yake na hizo mbili hushiriki shina. Anayefunga gluteali asiyejua kama zimeshiriki shina huenda akainyima misuli yote ya tako damu.

Kichwa cha femuri hutegemea zaidi tawi la kina la sakamfleksi ya ndani, ambayo kwa kawaida hutoka kwenye ateri ya kina ya paja lakini kwa baadhi ya watu hutoka moja kwa moja kwenye femurali. Gautier na wenzake walieleza mwaka 2000 njia yake: nyuma ya obturata ya nje, mbele ya kano za gemeli na obturata ya ndani, kisha ndani ya kapsuli. Kwa hiyo anayerekebisha mvunjiko wa ukuta wa nyuma hukata kano hizo fupi sentimita 1.5 kutoka zinaposhikia, na haugusi msuli wa kwadratasi femori. Katika kubadilisha nyonga nzima ateri hiyo haina tena kazi, na hofu ni nyingine: damu ya tawi la obturata kwenye pengo la chini la kikombe, chini ya ligamenti ya kukingama (tawi hilo lichomwe kabla halijarudi ndani), pamoja na skrubu za kikombe bandia. Kwa mgawanyo wa Wasielewski wa 1990, unaokigawa kikombe robo nne, robo mbili za nyuma ndizo salama. Robo ya mbele juu inaelekea iliaki ya nje, ya mbele chini inaelekea obturata.

Na ipo ateri ya siatiki inayobaki tangu mimba, adimu sana, ikisindikizana na neva ya siatiki ndani ya tako. Mgonjwa ambaye mapigo ya kinena hayapo lakini ya nyuma ya goti yapo, asipasuliwe nyuma bila picha ya mishipa.

Baada ya upasuaji

Asubuhi iliyofuata hemoglobini ilikuwa 7.6, mapigo 112, na mgonjwa aliona kizunguzungu alipokalishwa. Chupa ya tatu ilitolewa. Nguvu ya kubana paja ilikuwa 4 kati ya 5, na ngozi ya ndani ya paja juu ya goti ilikuwa na ganzi. Vyote vilirudi ndani ya miezi mitatu. Hicho kipimo cha nguvu kifanyike siku ya kwanza na kuandikwa, kwa sababu neva ya obturata ikiumia, dalili zake hupita kwa urahisi bila kuonekana mgonjwa akiwa kitandani. Enoksaparini ilianza tena baada ya saa 24, damu ilipothibitika imetulia. Alitembea kwa magongo akigusisha vidole vya mguu tu, uzito usiozidi kilo 15, kwa wiki kumi.

Kilichobaki ni taarifa ya upasuaji. Ya kwanza ilisema: «Kuvuja damu, imedhibitiwa.» Iliandikwa upya hivi: «Kushoto: vena ya kuunganisha mm 3, sm 5.5 kutoka simfisisi, imefungwa kwa 2-0. Ateri ya kuunganisha mm 2.5, sm 7, ilichanika wakati wa kurudisha kipande. Mwisho wa juu umefungwa kwa mshono, mwisho wa chini kwa klipu mbili za titani mdomoni mwa mfereji wa obturata, neva ilionekana nzima. Upande wa kulia haujachunguzwa.» Nakala moja alipewa mgonjwa mkononi, kwa sababu mwenye kikombe kilichovunjika namna hii anaweza kuhitaji nyonga ya bandia miaka ijayo, pengine Kolwezi au Ndola, mbele ya mpasuaji ambaye hatakuwa na faili nyingine yoyote.